Orodha ya Uzi na Nafasi ya Jina Moja

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, ya kompyuta za chogo ambazo ukibeba moja kifuani huoni njia, palikuwa na mafundi Makambako. Sogeeni karibu. Mwenye kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwishoni nitauliza swali, na safari hii sitaki mtu aniambie alikuwa hasikii. Hadithi hii nimeisimulia harusini, nimeisimulia matangani, na kila nikiimaliza watu hugombana na kuniacha nimechoka kuliko walivyonikuta.

Makambako ni mji wa baridi. Ukungu unaingia ndani bila hodi, unakaa, na kuondoka unapotaka wenyewe. Hapo ndipo alipokuwa na kibanda chake Fundi Mligo, mtengenezaji wa kompyuta zilizochoka.

Kwa wasiojua, nitaeleza mara moja. Ndani ya kompyuta kuna bodi kubwa ya kijani, mafundi huiita mazabodi. Juu ya bodi hiyo hupachikwa kijiti chembamba kiitwacho ramu. Kile ambacho kompyuta inakifanya, inakishika kwenye ramu wakati inakifanya. Bila ramu, bodi ni sinia tu. Na bodi za zamani zina maringo. Hii inataka ramu yenye vipande upande mmoja, ile inataka pande mbili. Hii inakubali ramu ya kiwanda fulani na kuikataa ya kiwanda kingine, na wewe ukiziweka kiganjani unaona ni zilezile. Vitabu vyake vilishatupwa pamoja na maboksi. Waliozitengeneza walishasahau kama waliwahi kuzitengeneza. Ukitaka kujua nani anamkubali nani, ujaribu mwenyewe.

Mligo akajaribu. Akapachika, akawasha, akangoja. Bodi ikitoa mlio mmoja na kioo kikawaka, akaandika: imekubali. Bodi ikilia mfululizo, au ikinyamaza kabisa, akaandika: imekataa. Akachomoa, akapachika nyingine, akawasha, akangoja.

Aliandika kwenye maboksi aliyoyapasua na kuyapigilia ukutani, ukuta mmoja ukajaa, akahamia wa pili. Bodi ambazo namba zake zilishafutika alizipa majina mwenyewe. Moja aliiita Mwenye Kovu, hiyo ndiyo aliyoanza nayo ujana wake. Nyingine aliiita Kijani Mrefu. Na kulikuwa na aina moja yenye maringo kupita zote, aliyoiita Bibi Kisirani. Mafundi wa Njombe, wa Mafinga, hadi wa Songea walimpigia simu: Mzee, nina Bibi Kisirani hapa, inataka nini? Yeye akainuka, akavaa miwani, akasoma ukutani, akawaambia. Wakikata simu ndiyo basi. Hakuna aliyepiga tena kusema ilifaa.

Kazi ile ilichosha. Si uchovu wa kubeba magunia, ambao ukilala unaisha. Ni uchovu wa kukaa mbele ya kitu siku nzima ukingoja kikwambie hapana. Macho ya Mligo yalikwenda na kazi hiyo, na aliyaacha yaende.

Sasa, katika mji huohuo palikuwa na mjane mfumaji, Mama Vaileti. Marehemu mumewe alimwachia mashine ya kufuma masweta ambayo haifumi kwa mkono, inapokea amri kutoka kwenye kompyuta. Na si kompyuta yoyote. Waya wa mashine ile ulikuwa na mdomo mpana wa kizamani ambao kompyuta za leo hazina pa kuupokea. Kompyuta iliyoupokea ilikuwa moja, na ndani yake ilikuwa na bodi ya nani? Ya Bibi Kisirani, nani mwingine.

Kwa mashine ile Mama Vaileti alifuma masweta ya shule. Baridi ya Juni ilikuwa inakaribia, watoto wameshapimwa mabega, uzi umeshanunuliwa. Umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, ramu ikaungua. Mashine ikasimama na sindano zake zote hewani.

Mama akaibeba kompyuta hadi kwa Mligo. Mligo akavaa miwani, akasoma ukutani. Bibi Kisirani na ramu ya pande mbili yenye karatasi ya bluu: imekubali. Akatafuta kwenye makopo yake, akaipata. Akapachika, akawasha, akangoja. Mlio mmoja, kioo kikawaka. Akamwambia Mama aende akafume kwa amani.

Mama akaenda, akafuma. Asubuhi mashine ilikwenda vizuri, kifua kikatoka, mgongo ukatoka. Mchana, ikiwa katikati ya mkono wa sweta, kompyuta ikaganda. Mashine nayo, kwa kuwa hakuna aliyeiambia isimame, ikaendelea kufuma mkono uleule. Mama alikuwa ametoka kuanika nguo. Aliporudi alikuta mkono umefika sakafuni na unakunjana, mkono wa kumfaa mtu ambaye Mungu bado hajamuumba.

Akarudi kwa Mligo. Kule kibandani ikafanya kazi. Akarudi nyumbani, ikaganda. Kibandani inafanya kazi, nyumbani inaganda. Mligo akasema ni umeme wa nyumbani. Kisha akasema ni waya. Mama akawa anafumua uzi na kuukunja upya, anafumua na kuukunja, hadi uzi ukaanza kukatika kwa kuchoka.

Pale kibandani palikuwa na fundi wa pili, Lusungu, mwanamke kutoka Mafinga, aliyepangisha meza ya pembeni. Huyu watu walikuwa wakiingia, wanamkuta ameshika chuma cha kulehemu, moshi unafuka mbele yake, wanamuuliza: fundi yuko wapi? Alishazoea. Au tuseme alishachoka kutozoea. Basi siku moja alimbebea Mama kompyuta hadi nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akatazama. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alichokiona Lusungu kila mtu wa Makambako alikuwa nacho nyumbani kwake: chini ya meza ya kompyuta, jiko la mkaa.

Nani Makambako afume bila jiko? Vidole vitakataa. Lakini kibandani kwa Mligo jiko lilikuwa marufuku. Kuta zimejaa maboksi ya karatasi, cheche moja ingetosha kuiteketeza kazi yote. Ili kuilinda orodha, Mligo alifanya kazi kwenye baridi miaka yote, na orodha nzima ikapimwa kwenye baridi. Ramu iliyokubali pale, ikipata joto la nyumba ya mtu, inabadili mawazo.

Lusungu alirudi akamweleza. Mzee alimsikiliza huku amesimama.

"Kwa hiyo miaka yangu yote ni bure," akasema.

"Si yote, Baba," Lusungu akamjibu. "Mengi ni kweli. Lakini yapi, mimi sijui, na wewe hujui."

Mligo akavua miwani, akakaa. Siku hiyo hakupokea simu ya mtu.

Lusungu akahamisha meza yake nje, barazani, mbali na maboksi. Akawasha jiko. Akapachika, akawasha, akasogeza jiko, akangoja. Hakungoja mlio. Alingoja tangu asubuhi ukungu ungalipo hadi mtu wa duka la jirani anafunga. Isipoganda, akaandika: imekubali. Ikiganda, akaenda ukutani na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya mwandiko wa mzee, akaandika: imekataa. Akachomoa, akapachika nyingine, akawasha, akasogeza jiko, akangoja. Wateja wake wakahamia kwa mafundi wa stendi. Kikohozi cha mkaa kikamwingia kifuani na hakikutoka.

Na siku moja aliyochoka sana alilisogeza jiko karibu mno. Bodi ikanuka, ikajikunja. Ilikuwa ni Mwenye Kovu. Mligo alikuja akaitazama. Akaifunga kwenye shati lake la kazi, akaenda nayo nyumbani. Lusungu aliniambia mwenyewe kwamba angetukanwa angeshukuru.

Kazi ilipokwisha, Bibi Kisirani alibakiwa na aina moja tu ya ramu asiyoigandia. Na aina hiyo haikuwapo kwenye kopo la Mligo, wala stendi, wala Njombe. Ilikuwapo kwa mtu mmoja: Kaduma.

Kaduma alikuwa na kibanda cha kuchapa barua, kimebanana ukuta kwa ukuta na mkaanga chipsi. Kompyuta yake nayo ilikuwa ya Bibi Kisirani, na miaka yote ilichemkiwa na karai la mafuta ubavuni isigande hata siku moja. Kwa kweli ndiyo iliyomthibitishia Lusungu kwamba ramu ile ni ya kuaminika. Bodi ilikuwa inaiona nusu tu ya nafasi iliyomo ndani ya ramu hiyo, nusu nyingine haiioni kabisa, lakini nusu hiyo ilitosha kuchapia barua, na ingetosha kufumia masweta.

Mligo na Lusungu wakamfuata, wakamweleza. Kaduma akasema atafikiri. Kesho yake kibanda kimefungwa. Mkewe akasema ameenda msibani Wanging'ombe. Kumbe mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye maharage, amechuchumaa. Siku zikapita hivyo, na watoto wakafungua shule bila masweta. Mwalimu akamtumia Mama Vaileti ujumbe kwamba akishindwa aseme, wapo wafumaji wengine Njombe. Mama akaacha kufumua uzi. Alikaa tu mbele ya mashine na mikono mapajani.

Kilichomtoa Kaduma kwenye maharage si maneno ya mtu. Alikatiza karibu na shule asubuhi, akawaona watoto wamesimama mstarini, kila mmoja mikono ameichomeka kwapani. Akapita. Akafika mbali kidogo, akarudi. Akaenda kibandani kwake, akafungua kompyuta, akachomoa ramu kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea Mama ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya barua. Hakukaa hata kunywa chai.

Ikapachikwa, ikawashwa, jiko likasogezwa, wakangoja. Haikuganda. Mashine ikafuma vifua, ikafuma migongo, ikafuma mikono ya watoto ambao Mungu ameshawaumba. Watoto wakavaa. Mwalimu akanyamaza. Na kibanda cha Kaduma, kwa kuwa kompyuta isiyo na ramu haichapi hata herufi, kikachukuliwa na mkaanga chipsi akaweka magunia yake ya viazi. Kaduma akashika jembe.

Ningeweza kuishia hapo tukaenda kulala. Lakini Mama Vaileti alikuwa mtu wa shukrani, na shukrani yake ndiyo inayonichosha mimi mpaka leo.

Alifika kibandani akaona maboksi yameshika kuvu kwa ukungu, mwandiko wa Mligo unafifia, nyekundu ya Lusungu inachuruzika. Akasema: orodha hii itakufa, mimi nitaifuma. Bodi zitakaa kushuka chini, ramu zitakaa kwenda pembeni, na kila zinapokutana nitaweka nyeupe kwa iliyokubali, nyeusi kwa iliyokataa. Uzi haufutiki. Kila fundi atakayekuja ataweka kidole, atasoma.

Akakaa, akaipanga kwenye kompyuta yake, mstari kwa mstari. Lakini kumbukeni Bibi Kisirani alikuwa anaiona nusu tu ya ramu ya Kaduma. Orodha ilipoingia yote, ilibaki nafasi kidogo mwishoni. Nafasi ya jina moja, tena fupi.

Najua kuna mjanja hapa anataka kuniambia: afume kipande kingine akishone chini. Mama alishajibu, kwamba kinachoshonewa ni kiraka, na kiraka hubanduliwa na yeyote mwenye wembe. Na wewe unayetaka kusema aweke herufi za mwanzo, herufi si mtu. Nyamazeni.

Akawaita wote watatu nyumbani kwake alasiri moja, jiko katikati. Akawaambia nafasi ni ya jina moja, na mafundi wataiita orodha hiyo kwa jina hilo tutakapokuwa sote tumeshazikwa. Kila mmoja aseme la kwake.

Fundi Mligo akasema kwanza, kwa heshima ya umri. "Mimi narudi kijijini, macho yangu yamekwisha. Nilikosea, sikatai, na makosa yangu yalimfanya mama huyu afumue uzi wake. Lakini nilikosea peke yangu kwa sababu nilikuwa peke yangu. Hakuna aliyekuja kunisaidia wakati ukuta ukiwa mtupu. Lusungu alisahihisha, utasahihishaje kisichoandikwa? Nikiondoka hapa siachi nyumba wala shamba la maana. Ninaacha hii."

Lusungu akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Baba amesema kweli, nami namheshimu. Lakini orodha yenye uongo, hata mmoja, ni uongo mtupu, kwa sababu hujui umekaa wapi. Watu walikuwa wanasoma ukuta ule wanakwenda kuharibu kazi zao, na hawapigi simu kusema. Mimi ndiye niliyeufanya uaminike. Niliiunguza bodi ya Baba, na hilo nalala nalo kila siku. Ila jina langu likiwa pale, mtu ataingia kibandani, atasoma, kisha hataniuliza tena fundi yuko wapi."

Kaduma alikuwa anatazama viganja vyake, vilivyoanza kuota sugu. "Mimi sijui kuongea kama hawa. Nilijificha, ni kweli, watoto wakapigwa baridi kwa sababu yangu. Lakini hawa walitoa jasho, na jasho linarudi. Mimi nilitoa mlango wangu. Walipomaliza walirudi kwenye meza zao. Mimi pa kurudi pamejaa viazi. Hata hiyo nafasi ya jina mnayoigombea imo ndani ya ramu yangu."

Jiko likapoa, Mama Vaileti akalipepea. Kisha akawauliza swali la pili, na hili hakuna aliyelitegemea. Aliuliza: kama si wewe, basi nani?

Mligo akaanza. Akasema, Lusungu. Aliniumiza, lakini aliumia pia.

Lusungu akasema, Baba Mligo. Akataka kusema na mengine, lakini kikohozi kikamkatiza.

Wakageuka kumtazama Kaduma. Kaduma akaokota kofia yake.

"Yeyote kati yao," akasema. "Mara ya mwisho kunijulia hali ilikuwa siku walipotaka ramu."

Mligo alianza kufuta miwani isiyo na vumbi. Lusungu aliinamisha kichwa. Wote wawili walijua kwamba walikuwa wametajana, na jina la tatu halikumjia yeyote mdomoni, nao walikuwa wamekaa pembeni ya jiko wakisikiliza mashine inavyonguruma kwa ramu ya Kaduma.

Mama Vaileti akageukia mashine. Orodha ilikuwa imeshafumwa yote, inaning'inia hadi magotini, nyeupe na nyeusi, Bibi Kisirani yumo, Kijani Mrefu yumo, na Mwenye Kovu yumo ingawa hayupo tena duniani. Bado mstari wa mwisho. Uzi umeshapitishwa kwenye sindano. Mama ameweka vidole juu ya kibodi, na mchana unakwenda.

Mimi nimefika mwisho wa nguvu zangu. Msinitazame mimi, sikuwa na sauti pale na hapa sina. Mmoja aliandika wakati hakuna aliyeona haja ya kuandika. Mmoja aliufuta uongo na kifua chake kikabaki na moshi. Mmoja alitoa alichokuwa nacho, kisha akasahaulika kabla hata chai haijapoa.

Je, nani alistahili?